Mipangilio ya programu za kompyuta: badiliko dogo linaloweza kuzimisha kazi ya wengi

Siku ya Jumatatu tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, karibu saa kumi na mbili za jioni kwa saa za Goma na Bukavu, ujumbe wa WhatsApp uliacha kutoka. Kila ulioandikwa ulibaki na alama ndogo ya saa pembeni yake. Facebook na Instagram nazo hazikufunguka. Mkaaji wa Kivu angeweza kudhani kwamba ni mtandao wa simu umekatika tena, sababu jambo hilo si geni kwake. Lakini hali ilikuwa ile ile Kinshasa, Nairobi, Paris na New York, na iliendelea kwa muda wa karibu masaa sita.

Baadaye kampuni ya Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, ilieleza chanzo. Hapakuwa na wezi wa mitandao walioishambulia. Wakati wa kazi ya kawaida ya matunzo, ilitolewa amri moja ya kupima uwezo wa njia kubwa zinazounganisha vituo vyake vya kompyuta duniani. Amri hiyo ilizikata njia zote kwa mara moja. Kulikuwa na chombo cha ukaguzi kilichopaswa kuzuia amri mbaya kama hiyo, lakini nacho kilikuwa na kasoro. Mafundi walilazimika kwenda kwenye vituo vyenyewe kurekebisha mambo kwa mikono, na hata kuingia ndani kuliwachukua muda kwa sababu ya ulinzi mkali.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa amewapa watumiaji programu mpya. Kilichoharibika ni mipangilio, yaani yale maagizo yanayoiambia programu au mashine namna ya kufanya kazi mahali ilipo. Kwa vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira au Bunia wanaotengeneza programu za kuuza dawa, kulipia masomo au kuhesabu michango ya kikundi cha akiba, tukio hilo linaleta swali ambalo mara nyingi huachwa hadi mwisho: mipangilio ya programu iwekwe wapi, na nani awe na haki ya kuibadilisha?

Mipangilio ni kitu gani?

Programu yoyote ina sehemu mbili. Ya kwanza ni msimbo, maandishi yanayosema kazi inafanywa namna gani: jumlisha beyi, toa kodi, andika risiti. Ya pili ni yale yanayobadilika kutoka mahali hadi mahali au kutoka siku hadi siku: kiwango cha dola, asilimia ya kodi, anwani ya hifadhi ya data, neno la siri la kuingilia, lugha ya risiti, saa ya kufunga hesabu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo mipangilio.

Mkongomani hana haja ya kwenda mbali ili kuona tofauti ya sehemu hizo mbili. Mwaka 2015 inchi ilitoka kwenye majimbo 11 na kuwa na majimbo 26. Jimbo la Mashariki likazaa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Katanga ikazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Programu ambayo fundi wake alikuwa ameandika majina ya majimbo 11 katikati ya msimbo ilihitaji kufunguliwa, kuandikwa upya, kujaribiwa na kusambazwa tena. Ile iliyoyaweka kwenye orodha ya pembeni ilihitaji tu kuongezewa mistari.

Saa nayo ni mfano mzuri. Wakati ni saa sita ya usiku Goma, Kinshasa bado ni saa tano. Chukua duka la dawa lenye matawi kwenye miji hiyo miwili, na ambalo programu yake hufunga hesabu ya siku saa sita kamili ya usiku. Kama fundi aliyeko Kinshasa ameandika saa ya kwake ndani ya msimbo, dawa iliyouzwa Goma saa sita na nusu ya usiku itaandikwa kwenye hesabu ya siku iliyopita. Pesa zipo zote, lakini daftari na kompyuta havipatani, na anayeulizwa ni muuzaji aliyekuwa zamu. Katika orodha ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta nyingi, jina la saa za mashariki ya Kongo ni Africa/Lubumbashi, na la magharibi ni Africa/Kinshasa. Goma haina jina lake. Fundi asiyejua hilo huchagua Kinshasa, kwa kuwa ndilo jina la inchi analolitambua.

Njia ya kwanza: kuandika ndani ya msimbo

Kila fundi ameanza hapo. Kiwango cha dola kinaandikwa kwenye mstari wa programu, kazi inakwenda, mteja anafurahi. Njia hiyo ina uzuri wake: hakuna faili la kupotea, na hakuna kitu cha kueleza.

Ubaya wake unaonekana siku kiwango kinapobadilika. Katika inchi ambamo beyi hutajwa kwa dola na chenji hurudishwa kwa franka, kiwango kinaweza kuguswa mara kadhaa kwa juma. Kama kila mara ni lazima fundi aitwe, afungue msimbo na kutengeneza toleo jipya, mwenye duka ataacha kutumia programu na kurudia kikokotoo cha simu. Na ikiwa kiwango hicho kimeandikwa pahali pengi katika msimbo, fundi atabadilisha baadhi na kusahau pengine. Hapo duka moja litakuwa na viwango viwili vya dola siku moja.

Hata hivyo, si kila kitu kitolewe ndani ya msimbo. Idadi ya siku za juma haitabadilika. Kanuni ya kuhesabu asilimia haitabadilika. Anayetoa kila kitu nje huishia na programu yenye vifungo mia moja ambavyo hakuna anayejua kazi yake. Kila kinachowekwa kwenye mipangilio ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosea, kwa hiyo kinachostahili kutoka ni kile tu ambacho kweli hubadilika.

Njia ya pili: faili la pembeni

Hatua inayofuata kwa wengi ni kuandika mipangilio kwenye faili lililo karibu na programu. Programu inapoamka, inalisoma faili hilo kwanza. Kuna miundo kadhaa ya mafaili hayo. JSON inasomwa vizuri na mashine lakini hairuhusu mtu kuandika maelezo pembeni, hivi kwamba anayekuja kesho hajui kwa nini namba fulani iliwekwa. YAML inaruhusu maelezo na inasomeka kirahisi kwa macho, lakini ina mitego.

Mtego unaojulikana sana kati ya mafundi unahusu inchi ya Norway. Alama ya inchi hiyo ya herufi mbili ni NO. Katika toleo la YAML ambalo programu nyingi bado zinalitumia, neno hilo lisipofungwa kwa alama za kunukuu husomwa kama jibu la «hapana». Orodha ya inchi inatoka ikiwa na Kongo, Rwanda, Burundi na «hapana». Nambari ya simu inayoanza na sifuri nayo inaweza kupoteza sifuri yake, kwa kuwa mashine imeiona kama hesabu ya kawaida.

Kwa wanaoandika kwa desturi ya Kifaransa, kama ilivyo Kongo, kuna hatari nyingine. Shuleni mtoto hufundishwa kwamba mbili na nusu huandikwa 2,5. Lugha nyingi za kompyuta zinataka 2.5. Mhasibu akiingiza asilimia kwa mkato, programu moja itakataa, nyingine itasoma 2 peke yake na kuendelea kimya. Ile inayokataa ndiyo nzuri. Faili la mipangilio linafaa kuchunguzwa wakati programu inaamka: je, kila kinachohitajika kipo? Je, kiwango ni namba? Je, kiko kati ya kile cha chini na cha juu kinachoeleweka? Kisipokuwa sawa, programu isiamke, na iseme wazi ni mstari gani wenye kosa. Ni afadhali kazi ichelewe dakika kumi asubuhi kuliko kuuza siku nzima kwa beyi mbaya.

Siri haziwekwi pamoja na mengine

Kati ya mipangilio kuna ile ambayo kila mtu anaweza kuiona bila hasara, kama lugha ya risiti. Na kuna ile ambayo ikionekana, nyumba imefunguliwa: neno la siri la hifadhi ya data, au ufunguo unaoiruhusu programu kupokea malipo kwa jina la duka.

Kampuni ya usafiri ya Uber iliyalipia mafunzo hayo. Mwaka 2016 wezi waliingia kwenye ghala la msimbo la mafundi wake katika GitHub. Ghala hilo lilikuwa la faragha, si la wazi. Ndani yake walikuta funguo za kuingilia mahali data ilipotunzwa. Walipata habari za watu milioni 57, wateja na madereva. Kampuni iliwalipa wezi hao dola elfu 100 na kunyamaza. Jambo lilitangazwa mwezi wa kumi na moja 2017, na mwaka uliofuata Uber ilikubali kulipa dola milioni 148 ili kumaliza kesi na majimbo ya Marekani.

Kosa lilianza kwa kitendo ambacho fundi yeyote anaweza kukifanya akiwa na haraka: kubandika ufunguo ndani ya msimbo ili jaribio lipite, kisha kusahau kuutoa. Na kuutoa baadaye hakutoshi. Ghala la msimbo hutunza historia ya kila badiliko, kwa hiyo ufunguo uliofutwa leo bado unasomeka kwenye kurasa za jana. Dawa ni kuubatilisha kabisa na kuomba mwingine.

Mwaka 2011, Adam Wiggins, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Heroku, aliandika kanuni 12 za kutengeneza programu za mtandaoni, na mafundi wengi bado wanazifuata. Moja yazo inahusu mipangilio, na inatoa kipimo rahisi: je, msimbo wote ungeweza kuwekwa wazi mbele ya dunia sasa hivi bila siri yoyote kutoka? Kama jibu ni hapana, mipangilio haijatengwa vizuri. Wiggins alipendekeza iwekwe kwenye vigeu vya mazingira, yaani maneno ambayo kompyuta huipatia programu wakati inaamka, bila kuyaandika katika faili la msimbo. Hivyo msimbo mmoja unaweza kwenda kwenye kompyuta ya majaribio na kwenye seva ya kazi, na kila moja ikaupatia siri zake.

Njia hiyo imesaidia wengi, lakini haina ulinzi wote. Programu inapoanguka, wakati mwingine huandika vigeu vyake vyote kwenye ripoti ya kosa, na ripoti hiyo hutumwa kwa barua pepe au kwenye kikundi cha mafundi. Programu ndogo zinazoamshwa na ile kubwa nazo hurithi vigeu vyote, hata visivyozihusu. Anayechagua njia hiyo anafaa kuyajua hayo tangu mwanzo.

Njia ya tatu: ghala moja kwa seva zote

Kampuni yenye seva nyingi haiwezi kubadilisha faili moja moja kwa mkono. Hapo zinaingia programu zenye kazi ya kutunza mipangilio na kuigawa, kama vile Consul au etcd, na Vault kwa upande wa siri. Fundi anabadilisha pahali pamoja, na seva zote zinapata. Historia inaonyesha nani aligusa nini na lini.

Lakini ghala hilo nalo ni mashine inayohitaji umeme, mtandao na mtu wa kuitunza. Katika miji ya mashariki ya Kongo umeme na intaneti hukatika bila kuaga. Programu ya zahanati iliyoko kijijini, inayolazimika kuuliza seva ya mbali kila asubuhi kabla ya kuamka, haitaamka siku mtandao haupo, na wagonjwa watakuwa wamekwisha kupanga mstari. Anayechagua njia hiyo ni lazima ahakikishe kwamba programu inatunza nakala ya mwisho iliyokuwa nzuri, na kwamba inaweza kufanya kazi nayo hadi mtandao urudi.

Njia nyingine ni kuweka mipangilio ya kazi ndani ya hifadhi ya data, na kumpa msimamizi ukurasa wa kuibadilisha. Mfano upo karibu. Wizara ya Afya ya Kongo hukusanya takwimu za afya kwa kutumia DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kutumiwa na inchi nyingi. Kongo ina zone za afya 519, na kila moja ina vituo vyake. Orodha ya zone na vituo, pamoja na fomu wanazojaza wauguzi, havimo katika msimbo wa DHIS2. Viko katika hifadhi ya data, na msimamizi mwenye ruhusa anaweza kuongeza kituo kipya kwenye skrini bila kumwita fundi wa Oslo. Lakini neno la siri la kuingilia hifadhi hiyo haliko kwenye skrini. Liko katika faili dogo kwenye seva, linaloitwa dhis.conf, ambalo fundi wa seva peke yake ndiye anayepaswa kulifungua.

Hapo programu moja imetumia njia mbili kwa makusudi. Kinachobadilishwa na watu wa afya kiko mikononi mwao. Kinachoweza kufungua nyumba yote kiko kwa mtu mmoja au wawili.

Dakika 45 za Knight Capital

Kuchagua mahali pazuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni namna ya kubadilisha. Kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa moja ya kampuni kubwa za biashara ya hisa, ilifikia ukingo wa kufilisika asubuhi moja kwa sababu hiyo.

Mwezi wa saba 2012 kampuni hiyo ilikuwa inatayarisha programu mpya ya kununua na kuuza hisa. Ili kuiwasha, mafundi walitumia tena swichi ya zamani ya mipangilio. Swichi hiyo hapo zamani ilikuwa inawasha kazi nyingine, iliyoitwa Power Peg, ambayo kampuni iliacha kuitumia tangu 2003. Msimbo wa Power Peg ulikuwa bado umo ndani ya programu, umelala.

Programu mpya ilipaswa kuwekwa kwenye seva 8. Fundi aliiweka kwenye 7 na kusahau moja, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Tarehe 1 mwezi wa nane soko lilipofunguliwa, swichi ikawashwa. Seva 7 zilifanya kazi mpya. Ya 8 iliamsha Power Peg, ambayo ilianza kununua na kuuza bila kikomo. Kabla ya soko kufunguliwa, mashine zilikuwa zimetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa hilo. Hazikuwa zimepangwa kuwa onyo la kushughulikiwa, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Mafundi walipoona hatari, walitoa programu mpya kwenye zile seva 7 wakidhani ndiyo yenye kosa. Swichi ilibaki imewashwa, kwa hiyo Power Peg iliamka kwenye seva zote 8. Katika dakika 45 kampuni ilifanya biashara zaidi ya milioni 4 na kupoteza zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 12 na tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, na ikaungana na kampuni ya Getco. Jina Knight Capital halikuendelea peke yake tena.

Makosa ya siku hiyo yanaeleweka hata kwa fundi mwenye seva moja ndani ya kabati. Swichi ya zamani isipewe kazi mpya. Jina jipya halina gharama. Msimbo usiotumika tena ufutwe. Anayeweka badiliko asiwe ndiye peke yake anayelikagua. Na njia ya kurudi nyuma ijaribiwe kabla ya siku ya hatari, kwa sababu Knight Capital ilirudi nyuma na kuongeza moto.

Mstari mmoja, kompyuta milioni 8,5

Mwaka 2024 dunia ilipata funzo lingine. Siku ya Ijumaa tarehe 19 mwezi wa saba, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma kwa wateja wake faili la mipangilio. Halikuwa toleo jipya la programu, kwa hiyo halikupitia majaribio yote ambayo toleo jipya hupitia. Faili lilihusisha sehemu 21 za habari, lakini programu iliyolisoma ilikuwa inapewa 20 tu. Kompyuta zenye Windows zilianguka, zikijaribu kuamka zilianguka tena. Microsoft ilikadiria kwamba zilizoguswa ni karibu milioni 8,5. Ndege zilibaki chini na hospitali ziliahirisha kazi.

CrowdStrike iliondoa faili hilo baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea dawa kupitia mtandao. Nyingi zilihitaji mtu wa kuzigusa moja kwa moja. Baada ya hapo kampuni iliahidi kutuma mabadiliko kidogo kidogo: kwanza kwa wachache, kuangalia, ndipo kwa wengine.

Facebook, Knight Capital na CrowdStrike hazina kazi moja, lakini dhana iliyoziponza inafanana: kwamba kugusa mipangilio ni jambo jepesi kuliko kugusa msimbo, kwa hiyo haihitaji uangalifu ule ule. Kwa kompyuta, tofauti hiyo haipo. Mstari wa mipangilio unaweza kubadilisha kazi ya programu sawa na mstari wa msimbo, na mara nyingi unafika kwa watumiaji haraka zaidi.

Kikundi kidogo kichague nini?

Fundi wa Bukavu anayetengeneza programu kwa maduka matano hahitaji mashine za kampuni kubwa. Anachohitaji ni kuuliza maswali matatu juu ya kila mpangilio. Nani anaubadilisha? Mara ngapi? Na ukianguka kwenye mikono mibaya, kutatokea nini?

Kiwango cha dola hubadilishwa na mwenye duka, mara nyingi, bila siri yoyote. Kinafaa kuwa kwenye ukurasa wa programu, pamoja na jina la aliyekibadilisha, tarehe na kiwango kilichokuwepo. Kuna jambo moja la kuangalia hapa: risiti ya jana ibaki na kiwango cha jana. Programu inayohesabu upya mauzo ya zamani kwa kiwango kipya huharibu daftari lote. Asilimia ya TVA, ambayo kwa kawaida ni 16 inchini Kongo, hubadilika mara chache na kwa sheria. Inaweza kuwa kwenye faili la mipangilio ambalo fundi analitunza pamoja na msimbo, ili historia yake ionekane. Saa ya mahali, lugha na jina la tawi hutofautiana kwa kila duka, kwa hiyo kila duka liwe na faili lake dogo, bila kurudia yale ambayo maduka yote yanashirikiana.

Neno la siri la hifadhi ya data na ufunguo wa malipo ya simu ni vya fundi na mwenye kazi peke yao. Visiingie katika ghala la msimbo, wala visitumwe kwa WhatsApp. Ufunguo wa majaribio uwe tofauti na ule wa kazi. Na fundi anapoacha kazi, funguo alizozijua zibadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama waliachana kwa amani.

Jambo la mwisho linahusu maandishi. Katika miji ambamo watu wamehama mara nyingi kwa sababu ya vita, fundi aliyejua kila kitu kichwani anaweza kuwa leo Kampala au Bujumbura, na simu yake haipatikani. Orodha fupi inayotaja kila mpangilio, kazi yake, mahali ulipo na anayeruhusiwa kuugusa, bila kuandika siri zenyewe, inaweza kuwa ndiyo itakayomsaidia anayebaki kuamsha seva upya.

Huko Goma, tangu mabenki yalipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, simu imekuwa mfuko wa pesa kwa watu wengi. Mama anayenunua unga sokoni kwa kulipa kupitia simu hajui kama programu iliyopokea pesa yake inasoma faili la YAML, kigeu cha mazingira au hifadhi ya data, wala hana sababu ya kujua. Anachoangalia ni ujumbe unaoingia: kiasi kilichotoka, na kama kinalingana na beyi aliyoambiwa.